Nyumba Isiyo na Tundu

Sura ya Saba

"Dawa ulimpulizia saa ngapi?"

"Dawa gani, chef?"

"Usinijibu kwa swali. Saa ngapi?"

Kimenyi alijifuta damu iliyokauka pembeni mwa mdomo. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba na kufumba kabisa. Majirani wa mtaa wa Mbugangari walimkamata Jumanne asubuhi, wakaanza kumfundisha adabu kwa mawe, na gari la polisi lilipotokea walikuwa bado hawajamaliza somo. Inspekta Umurerwa alikuwa amekutana naye mara nne katika chumba hiki hiki, na mara zote kosa lilikuwa lile lile: mwanzi mrefu wenye ndoano ya waya nchani, unapita katikati ya nondo za dirisha, unarudi na suruali, mkoba au simu. Watu walimwita Mvuvi, ingawa Ziwa Kivu hakuwahi kuingiza hata unyayo.

Mara hii kosa lilikuwa jingine. Mukandori, mjane wa miaka sitini na mbili, aliyevuka mpaka kila asubuhi kwenda kuuza maharagwe ya kuchemsha Goma, alikutwa Jumanne amekufa kitandani kwake, hana jeraha, mlango umefungwa kwa ndani. Simu yake iliyopotea wiki tano kabla ilikutwa kwa Mvuvi. Mtaa ulishahukumu. Nani asiyejua kwamba wezi wa siku hizi hupuliza dawa ya usingizi dirishani ili mwenye nyumba asisikie? Mvuvi alizidisha kipimo, basi. Leo ilikuwa Ijumaa, na saa kumi na moja jioni faili lilitakiwa kuwa kwa mwendesha mashtaka. Kwa suruali mtu hufungwa miezi. Kwa mauaji angeoza gerezani.

"Simu niliiba," Kimenyi alisema. "Sufuria ya maharagwe pia niliiba, ilikuwa inje. Sikatae. Lakini hiyo dawa, chef! Miaka kumi na mbili niko nasikia banasema iko dawa ya kupuliza. Mi mwenyewe niliitafuta. Niliuliza Goma, niliuliza mpaka Bukavu. Kama ingekuwako, ningekuwa natembea na fimbo ya nini? Si ningeingia tu kwa mulango, nibebe na kitanda?"

Kagabo, msaidizi wa Umurerwa, alikuwa akiandika maelezo. Alikohoa ili kuficha kicheko.

"Jumatatu usiku ulipita kwake?"

"Nilipita. Nikaangalia dirisha, nikaenda zangu. Ile nyumba balishaifunga kama chupa. Hata kidole haiingie."

Umurerwa alichukua kalamu ya Kagabo na kuipigia mstari sentensi ile ya mwisho. Mwizi husema uongo kuhusu alichoiba, lakini kuhusu madirisha Umurerwa alikuwa hajawahi kumsikia mwizi akidanganya. Ni kazi yao.

Mvua ilikuwa ikinyesha walipofika Mbugangari. Mukandori alikuwa amezikwa jana, na chini ya turubai la bluu watu wa kilio walikaa kwenye mabenchi ya kukodi, wakisikiliza maji. Familia hii ilirudi kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, zamani, na Kiswahili ndicho walichozungumza hata kwenye huzuni. Umurerwa alitoa pole zake, naye akapokea macho ya pembeni. Kiswahili chake cha Ngara, alikolelewa, kilimfanya asikike kama mtangazaji wa redio, na leo hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtania.

Alimvuta Kagabo hadi nyuma ya nyumba, kwenye dirisha la chumba cha kulala.

Alilitazama kwa muda mrefu. Antivole, kama wanavyokiita hapa kizuizi cha wezi, ilikuwa ya nondo nene, ncha zake zimezamishwa ukutani, si kushikizwa kwa skrubu za nje kama mafundi wengi wanavyowadanganya wateja. Nyuma ya nondo palikuwa na wavu wa chuma wenye matundu madogo ya kuzuia ndoano. Nyuma ya wavu, kioo. Na juu ya dirisha, pale ambapo kila nyumba ina matundu mawili matatu ya hewa, palikuwa na viraka vitatu vya saruji mpya, vimesawazishwa mpaka vikawa laini. Aliyeifanya kazi hii hakuwa na haraka. Aliifanya kama mtu anayemfunika mzazi wake blanketi.

"Kagabo, puliza dawa."

"Wapi, chef?"

"Ndilo ninalokuuliza. Wewe ni mwizi, dawa unayo mkononi. Puliza."

Kagabo alisogea. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa fremu. Vipande vya sponji vilikuwa vimeshindiliwa pande zote na kubandikwa utepe. Aligonga kiraka kimoja cha saruji, halafu cha pili. Alizunguka hadi mlangoni, akarudi amelowa mabega.

"Chini ya mlango?"

"Waliouvunja walisema nini kwenye maelezo yao?"

Kagabo alifunua daftari. "Mlango ulikuwa mgumu kusukuma. Kulikuwa na kitenge kimekunjwa na kushindiliwa chini kwa ndani." Alilifunga daftari. "Basi aliyepuliza alikuwa ndani. Na ndani alikuwa mmoja tu. Chef, mama huyu alijiua?"

"Debe la maharagwe lilikuwa limelowekwa sebuleni. Wewe mwenyewe uliliandika. Anayetaka kufa leo haloweki maharagwe ya keshokutwa."

Waliingia ndani na kumwomba Mama Akaliza awafuate. Huyu ndiye jirani aliyegonga mlango Jumanne alfajiri, mwanamke mwembamba, mchuuzi mwenza wa marehemu. Walivuka mpaka pamoja kwa miaka tisa, mmoja na ndoo ya maharagwe, mwingine na kapu la nyanya. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia.

"Mwihangane, poleni, Mama Akaliza."

"Asante, mama afande."

"Siku za mwisho, marehemu aliamka vipi?"

"Vibaya. Kichwa. Ilianza ule muda sufuria yake iliibwa. Asubuhi anatoka, anajishika kwa ukuta kama mulevi, na yeye hata pombe hakunywe. Siku ingine alitapika kwa njia. Lakini tukifika barrière ya mpaka, kichwa inapoa, anacheka, anauza. Akirudi akilala, kesho tena. Bon, tukajua: ni bezi. Banampulizia dawa kila usiku, banatafuta siku ya kuingia."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Hata Jumapili?"

"Jumapili hapana," Mama Akaliza alisema polepole. "Jumapili anaimba korali. Sauti iko safi."

"Mwizi mwenye dini," Kagabo alinong'ona. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe alijuta.

"Jumamosi usiku kuna jambo alikuwa halifanyi?"

"Hakupike. Jumapili hatuvuke, apikie nani?"

Umurerwa aliinama. Miguuni pa kitanda kulikuwa na jiwe jeusi la volkano, bapa, la ukubwa wa sinia. Lilikuwepo kwenye picha za Jumanne. Alilitazama mara kumi mezani pake akidhani ni la kuzuia mlango. Sasa aliona majivu membamba kandokando yake, na katikati duara safi.

"Hili jiwe ni la nini?"

"Ya babula," Mama Akaliza alijibu, kama mtu aliyeulizwa kitanda ni cha nini.

"Jiko la makaa lilikuwa humu? Chumbani?"

"Tangu baliiba sufuria. Mbele alikuwa anapikia inje, chini ya bati. Bakabeba sufuria na maharagwe yake ya moto yote. Akasema: bon, sasa italala na mi. Anaweka babula hapa, anafunika makaa na majivu, maharagwe inaiva polepole. Saa kumi na moja ya asubuhi tunatoka, iko tayari."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mukandori aliibiwa sufuria moja, akaamua kulala na ya pili.

"Tulipofika Jumanne jiko halikuwepo humu," Umurerwa alisema.

"Niliitoa mi. Mutu amekufa, watu banajaa, utawapa nini? Tulitaka maji ya moto. Na maharagwe ilikuwa imeiva vizuri, huwezi kuitupa. Tulikula kwa kilio." Alimgeukia Kagabo. "Hata huyu kijana wako alikula. Alisema iko na chumvi muzuri."

Kagabo alitazama viatu vyake. Alikuwa amepiga picha thelathini na mbili za chumba kile, kisha akaenda uani kula kielelezo.

Umurerwa hakumkaripia. Alitoka hadi barazani na kumpigia simu daktari aliyeupasua mwili.

"Dokta, gesi ya makaa. Mliipima?"

"Tuliombwa tupime sumu na dawa za usingizi. Hizo hazikuonekana."

"Ngozi yake ilikuwaje?"

"Ilikuwa na wekundu. Niliandika, lakini nikaona ni baridi ya friji. Baridi nayo hufanya hivyo." Daktari alishusha pumzi. "Damu yake bado ninayo, inspekta. Nipe saa moja."

Dakika hamsini baadaye alirudisha simu. Alisoma kipimo cha gesi ya makaa kwenye damu, na kilikuwa juu kiasi kwamba hakuwa na haja ya kukieleza.

Mama Akaliza alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameshaunganisha kichwa, Jumapili na jiwe.

"Haikuwa bezi," alisema.

"Hapana, mama."

"Kichwa kilimuuma sababu ya babula. Na tukafunga matundu sababu ya kichwa. Na kichwa ikazidi, tukafunga tena." Alikaa chini pale pale kwenye saruji yenye maji. "Ni mi nilimwambia aite mutoto aje afunge. Ni mi, afande. Nilimusukuma."

Umurerwa aliketi kando yake, na sare yake, kwenye maji yale yale.

Mkuu wake alipopigiwa simu alisikiliza mpaka mwisho, na jibu lake lilikuwa fupi. Kipimo ni kizuri, lakini mwendesha mashtaka atauliza nyumba iliziba vipi na nani aliiziba. Alitaka maelezo ya aliyeziba, yamesainiwa, kabla ya saa kumi na moja. La sivyo faili la Mvuvi linakwenda kama lilivyo, kwa mauaji, na mambo mengine yatanyooshwa mahakamani, Mungu akipenda. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano.

Aliyeziba alikuwa Vénuste, mtoto pekee wa marehemu, mwashi anayekaa Rugerero. Walimkuta nyuma ya nyumba, peke yake kwenye mvua, suti ya mazishi imemganda mwilini. Alikuwa akipapasa ukingo wa dirisha kwa kucha, sentimita kwa sentimita.

"Afande, afazali mumekuja," alisema bila kugeuka. "Siku tatu niko natafuta. Hii dirisha nilifunga na mikono yangu. Jumapili tatu nilikuja, kila Jumapili naongeza kitu. Matundu, wavu, sponji. Na bado alipita. Niambie Mvuvi alipita wapi. Nataka tu kujua niliacha tundu wapi."

Katika miaka kumi na minne ya kazi Umurerwa alikuwa amewaambia watu wengi habari mbaya, na hakuwahi kutamani kama leo kuwa na uongo mzuri. Angeweza kunyamaza. Mvuvi ni mwizi, nani angemlilia? Lakini jicho lile lililofumba lilikuwa la mtu, na mtu yule hakuua.

"Hukuacha," alisema. "Hukuacha tundu hata moja, Vénuste. Hilo ndilo lililomuua."

Aligeuka. Umurerwa alimweleza yote, kwa maneno machache na kwa utaratibu: sufuria iliyoibwa, jiko chumbani, kichwa, Jumapili zisizo na kichwa, damu. Alipofika katikati Vénuste alianza kutikisa kichwa.

"Unamutetea mwizi."

"Mwizi ana kesi yake ya simu na sufuria. Hii siyo yake."

"Mama alipika na babula maisha yote! Masisi, Goma, hapa! Babula haiue mutu!"

"Alipika chini ya bati, nje. Na humu ndani, mwanzoni, matundu yalikuwa wazi. Alipata kichwa tu."

Vénuste alinyanyua ngumi, Kagabo akapiga hatua moja mbele, lakini ngumi ilikwenda ukutani, kwenye kiraka cha kati. Saruji haikutikisika. Ilikuwa kazi nzuri. Aliitazama damu kwenye vidole vyake, na hasira ikamtoka yote kwa mara moja.

"Alikuwa ananiambia," alisema. "Jumapili ya mwisho. Vénu, hewa ya humu ni muzito. Nikamwambia: mama, vumilia, hewa muzito ni afazali kuliko mwizi. Akacheka. Akaniambia, haya, mwanangu, we ndo unajua nyumba." Alifuta maji ya mvua usoni. "Akanipikia. Nikala, nikaenda. Mi ndo nilimuua mama?"

"Ulikuwa unamlinda."

"Sikuulizi hiyo."

Umurerwa alitoa karatasi ya maelezo kutoka kwenye mkoba na kuifunika kwa mkono isilowe. "Nahitaji maneno yako, Vénuste. Uliziba nini na lini. Bila hayo mtu atahukumiwa kwa jambo asilolifanya. Hakuna atakayekushitaki wewe."

Lakini Vénuste alikuwa hamsikilizi tena. Alikuwa amekodoa macho kwenye kiraka, na rangi ilikuwa ikimtoka usoni.

"Mufuko wa simenti," alisema.

"Nini?"

"Ilibakia nusu. Nilipeleka kwangu, Rugerero. Niliona kama mama banamupulizia, na kwangu batakuja. Nilifunga chumba ya kulala, matundu yote. Muke wangu Epiphanie amezaa, mutoto iko na siku kumi na mbili. Hakuja kwa kilio sababu ya baridi. Nilimwambia aweke babula karibu, mutoto asisikie baridi."

Alitoa simu na kumpigia Epiphanie. Sauti ya simu ilikuwa kubwa, wote watatu waliisikia ikiita, na iliita muda mrefu. Umurerwa alikuwa ameshamwashiria Kagabo: gari, na gari la wagonjwa, Rugerero, sasa hivi.

"Allô?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito, ya mtu aliyeamshwa.

"Epifa! Uko wapi?"

"Kwa chumba. Kwa nini unapiga kelele?"

"Babula iko wapi?"

"Si iko hapa. Kuko baridi, mvua—"

"Na mutoto?"

"Analala. Leo analala tu, hata kunyonya hataki. Na mi kichwa kinanipiga, Vénu, toka asubuhi. Mi nafikiri na sisi usiku balitupulizia. Nimefunga dirisha na—"

"Fungua! Mutoe inje! Fungua mulango, vunja kioo, mutoe mutoto!"

"Na bezi je?"

"Baache baingie!" Vénuste alipiga ukelele ambao watu wa kilio waliusikia mpaka chini ya turubai, wakasimama. "Baache baingie, Epifa, babebe byote! Mutoe mutoto inje!"

Simu ya upande wa pili ilianguka. Walisikia kitu kikiburutwa, halafu komeo, halafu komeo tena, gumu, na mwanamke akiita jina la Mungu kwa Kinyarwanda. Kioo kilivunjika. Baada yake ikasikika mvua ya Rugerero, mvua tu. Vénuste alikuwa ameshika nondo za dirisha la mama yake kwa mkono mmoja. Umurerwa alijikuta akiomba, yeye ambaye kanisani huenda Krismasi.

Kilikuja kikohozi kidogo sana. Kikaja kingine. Kisha mtoto akalia, kwanza kwa shida, halafu kwa hasira ya mtu mzima.

Walimpeleka Vénuste hadi kwenye gari. Kagabo aliendesha huku ameuma midomo. Nyuma, Vénuste alikaa na simu imebanwa sikioni, hataki kuikata, na kila mtoto alipovuta pumzi akakaa kimya kidogo, naye aliacha kupumua. Jirani aliyeiokota simu kule alisema Epiphanie amekaa chini ya migomba na shuka kichwani, mtoto kifuani, majirani wamemzunguka. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshapita njia panda.

Umurerwa hakuitoa tena karatasi. Saa kumi na nusu ilikuwa imepita, na aliona hakuna mtu mwenye haki ya kumwomba mwanamume huyu kitu kingine leo.

Ni Vénuste aliyenyoosha mkono wenye damu.

"Lete kalamu," alisema. "Mvuvi hakuue mutu. Andika vile nitakuambia, usiongeze kitu, usipunguze. Andika: ni mi nilifunga."